Kushusha Gari la Kasi: Anza na Shokapu, Urefu Ufuate

Subaru Impreza WRX STI zilizotumika Japani zimejaa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na wengi wanaozinunua huanza kuulizia springi fupi kabla hata hawajamwaga oili ya kwanza. Ninawaelewa, kwa kuwa gari hili likishushwa vizuri hupendeza macho na hutulia kwenye kona. Likishushwa vibaya hupoteza kile kilichokufanya ulinunue. Majibu yafuatayo yanaitumia STI ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2007, ambayo ina mfumo wa MacPherson mbele na nyuma. Kanuni zake zinafaa kwa magari mengi yenye mfumo huo.

Swali: Kushusha gari kunasaidia nini hasa?

Gari likiingia kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Kwa kona ileile na mwendo uleule, kiasi kinachohama hutegemea uzito wa gari, upana kati ya tairi, na kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme kitovu hicho kiko milimita 500 juu ya lami. Ukishusha gari milimita 30, unapunguza uhamaji huo kwa takriban asilimia 6. Faida hiyo ni ya kweli, ila haifikii ile utakayoipata ukitoa tairi zilizochoka na kufunga tairi nzuri. Springi ngumu peke yake haipunguzi jumla ya uzito unaohama. Inapunguza tu kiasi ambacho bodi inalala.

Swali: Basi nikishusha zaidi litashika barabara zaidi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Chuchumaa utazame mkono wa chini unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye tairi. Gari likiwa na kimo cha kiwandani, mkono huo uko karibu na usawa au unainama kidogo kuelekea tairi. Ukilishusha sana, upande wa tairi huwa juu kuliko upande wa fremu. Kwenye mfumo wa MacPherson, nukta ambayo bodi huizunguka inapolala hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya nukta hizo mbili unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala. Ndiyo maana gari lililoshushwa milimita 60 kwa springi laini linaweza kulala zaidi kuliko lilivyokuwa awali. Ziko boljointi ndefu za kuurudisha mkono mahali pake, lakini hizo ni gharama nyingine. Kwa gari la barabarani, mimi huishia milimita 25 au 30.

Swali: Ninunue springi fupi au koilova?

Springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako ni bei nafuu na zinafaa, mradi shokapu ziwe nzima. Shokapu ya kiwandani iliyokwisha kutembea kilomita 100,000 haitaweza kuituliza springi ngumu zaidi. Gari litaruka baada ya kila shimo, na shokapu itavuja mapema.

Koilova ni shokapu na springi zilizokuja pamoja, na mwili wake una uzi wa kupandisha na kushusha. Angalia uzi huo unafanyaje kazi. Aina moja hushusha gari kwa kuteremsha kikombe cha springi. Aina ya pili ina uzi mwingine chini, kwenye bano la kufungia, hivyo unabadilisha urefu wa shokapu nzima bila kugusa springi wala kula mwendo wa pistoni. Ukiweza, chukua aina ya pili. Ukinunua zilizotumika, pangusa fimbo ya pistoni kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na oili, ziache. Kisha zungusha kitufe cha kurekebisha ugumu, ambacho kinatakiwa kugonga hatua kwa hatua. Kikizunguka bure, vali ya ndani imekwisha.

Swali: Fundi anasema atakata springi zilizopo. Ni sawa?

Usikubali. Springi iliyokatwa huwa ngumu kidogo tu, lakini inakuwa fupi mno, na shokapu inagonga mpira wa kizuizi kila mara. Gari likinyanyuka, springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Kuipasha moto kwa gesi ni kubaya zaidi, kwa sababu joto linaua ugumu wa chuma na springi inaweza kuvunjika ukiwa kwenye mwendo.

Swali: Nichague ugumu gani wa springi?

Chukua tairi la mbele linalobeba kilo 320 za bodi na injini. Springi ya kilo 4 kwa milimita italala milimita 80 chini ya uzito huo, na ya kilo 8 italala milimita 40. Ya kwanza itayumba mara 1.8 hivi kwa sekunde na ya pili mara 2.5. Magari ya kawaida ya familia huwa kati ya mara 1 na 1.5, na mara 2.5 ni hali ya uwanja wa mashindano. Koilova nyingi zinazouzwa kwa STI huja na springi za kilo 8 au zaidi. Kwenye lami laini zinapendeza, ila kwenye barabara yenye viraka tairi inapoteza mguso na lami, na mguso huo ndio ulioutafuta tangu mwanzo. Kwa matumizi ya kila siku, kilo 4 hadi 6 zinatosha.

Swali: Matuta na mashimo yetu je?

STI hii hutoka kiwandani na nafasi ya takriban milimita 150 chini yake. Ukitoa 30 zinabaki 120, na bado hujapakia abiria wanne. Pima tuta refu kuliko yote kwenye njia yako ya kila siku kabla hujanunua chochote. Subaru ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 kwa usukani wa Colin McRae na tena mwaka 2000 kwa Richard Burns, ikiwa na magari yaliyopandishwa juu. Kwenye mashindano ya lami timu hiyohiyo ilishusha magari yake. Waliitazama barabara kwanza, ndipo wakaamua urefu.

Swali: Baada ya kufunga, nini kifuate?

Mambo manne. Kwanza, boliti za bushi zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Zikikazwa likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira wa bushi unabaki umejisokota siku zote na utapasuka mapema. Pili, pima alaimenti, kwa kuwa kushusha hubadilisha mlalo wa tairi na uelekeo wake. Tairi likielekea ndani au nje kupita kiasi, upande mmoja huisha upesi. Boliti ya juu ya shokapu ya mbele ya Subaru ina kichwa cha kurekebishia mlalo huo. Mwambie fundi aitumie. Tatu, rekebisha taa za mbele ili usiwapofushe wengine. Nne, iarifu kampuni yako ya bima. Kwa wakazi wa pwani, osha uzi wa koilova kwa maji baridi na uupake grisi, la sivyo chumvi itaugandisha.

Swali: Pesa yangu ni ndogo. Nianze na nini?

Anza na bushi na boljointi zilizochoka, kisha tairi nzuri, kisha shokapu mpya zenye sifa. Springi za kushusha milimita 20 hadi 25 zije mwisho. Fundi akikuambia uanze na springi, muombe kwanza akuonyeshe hali ya shokapu zako. Asipokubali, tafuta gereji nyingine.