Figo za Baba Hazisafishwi kwa Blenda

Mdogo wangu uliyenitumia picha ya ile chupa ya juisi ya kijani, nimeikuza mpaka nikasoma karatasi yote: mchicha, bitiruti, tangawizi, birimbi, ndimu, na chini kabisa, "Imejaa antioksidanti, husafisha figo." Unasema kreatinini ya baba, ile taka ya damu ambayo figo huitoa, imepanda, daktari amesema ugonjwa umefika hatua ya nne, na shangazi ameshanunua katoni nzima. Kabla baba hajafunguliwa chupa nyingine, nisikilize.

Muuzaji hajatunga kila kitu, tumpe haki yake. Mwili unapochoma chakula ili upate nguvu, huzalisha chembe huru, chokozi kwelikweli, zinazojeruhi seli na mishipa ya damu. Antioksidanti ndizo huzituliza. Sasa figo zina kazi nzito: zikiwa nzima huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu yote kwenye damu, na kazi hiyo hula oksijeni nyingi. Presha au sukari ikishaua baadhi ya vichujio, vilivyobaki hubebeshwa mzigo wa wenzao. Chembe huru zinaongezeka, kinga ya kuzituliza inapungua, na vichujio vingine vinakufa. Hata anayesafishwa damu kwa mashine hajaokoka na hili, maana damu ikipita mle chembe nyeupe hushtuka na kumwaga chembe huru zaidi, na vitamini C, ambayo nayo ni antioksidanti, hutoka pamoja na taka.

Utaniuliza, basi si tumpe antioksidanti kwa wingi? Wataalamu nao waliwaza hivyohivyo. Mwaka 2000 utafiti wa Israeli uliwapa vitamini E wagonjwa wa kusafishwa damu. Walikuwa 196 tu, na waliomeza vitamini hiyo walipata matatizo machache ya moyo. Watu wakashangilia. Mwaka huohuo utafiti mkubwa uitwao HOPE, wa maelfu ya watu wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, ukatumia nusu ya kipimo kile cha vitamini E na haukuona faida yoyote. Kisha ikaja bardoxolone, dawa iliyotengenezwa ili kuamsha kinga ya mwili wenyewe dhidi ya chembe huru. Ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wenye kisukari na figo za hatua ya nne, hatua ya baba hasa. Oktoba 2012 jaribio likasimamishwa, kwa sababu moyo kushindwa kufanya kazi kuliwapata zaidi wale waliokuwa wanaimeza. Dawa ya maabara, yenye madaktari wanaofuatilia kila kipimo, ilifika hapo. Juisi isiyo na kipimo je?

Na hiyo birimbi ndiyo iliyonitoa jasho. Kwenye achari, kipande kimoja kwa mtu mwenye figo nzima, hakuna neno. Lakini juisi yake nzito ina oksaleti nyingi, na oksaleti hugeuka fuwele zinazoziba mirija ya figo. Kerala, India, waliwahi kuripotiwa wagonjwa kumi ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi. Ndugu yake, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, ni baya zaidi kwa mgonjwa wa figo. Lina sumu ya neva ambayo watafiti wa Brazil waliitambua mwaka 2013. Huanza na kwikwi isiyokatika, kisha mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, wengine hufa. Baba akiona dalili kama hizo, au mkojo ukipungua ghafla, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Vile vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye glasi navyo viache. Kimoja cha miligramu 1,000 ni zaidi ya mara kumi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, mwili hugeuza sehemu ya ziada hiyo kuwa oksaleti, na vingi vina sodiamu ya kupandisha presha. (Pera moja tu linamtosha mtu kwa siku nzima, lakini nani atakuuzia pera kwenye boksi linalong'aa?)

Shangazi usimgombeze, katoa hela yake kwa mapenzi. Mwambie, "Shangazi, twende nayo kliniki tukaisomeshe." Jikoni nako mpe kazi, atafurahi: viazi au mchicha ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, na yale maji yamwagwe, yasifanywe supu wala mchuzi. Hapo potasiamu nyingi hutoka, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo.

Mengine unayajua, ila nayasema kwa sababu baba zetu ni wabishi. Dawa za presha na sukari zimezwe hata siku anayojisikia mzima. Sigara ni mzigo wa chembe huru anaojivutia mwenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani, za kutuliza mgongo, zinaumiza figo moja kwa moja, kwa hiyo aseme anaumwa wapi apewe nyingine. Na mkifika kliniki muulize daktari potasiamu ya baba ni ngapi kwa sasa, maana ndizi, parachichi na dafu vitabaki au vitaondoka mezani kufuatana na jibu hilo.