Karatasi ya uhuru sandukuni mwa shangazi

Swali: Shangazi alipofariki tulikuta sandukuni mwake karatasi ya Kijerumani yenye mhuri na jina la mama mzazi wa babu. Kuna mtu anataka kuinunua. Ni kitu gani, na ina thamani gani?
*Msomaji, Engutoto, Arusha*

Jibu: Poleni sana na msiba. Tazameni juu ya karatasi kama kuna neno *Freibrief*. Likiwepo, huenda mmeshika hati ya uhuru, ambayo maofisa wa Kijerumani walimpa mtumwa aliyeachwa huru. Agizo la 1901 lilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha, hivyo angalieni pia kama kimeandikwa kiasi cha rupia. Mwandiko wa zama zile huwashinda hata Wajerumani wengi wa leo. Anzeni na majina, tarehe na mji ulio kwenye mhuri. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kabla ya hapo, karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa kinga ya bibi yenu.

Msiiuze sasa. Bei ya mnunuzi mmoja si kipimo, na kwa ukoo wenu huenda huo ndio ushahidi pekee wa maandishi kwamba bibi alipita utumwani akatoka. Ipigeni picha pande zote mbili. Msiitie plastiki ya moto wala selotepu! Ilazeni bila kuikunja kwenye bahasha safi, mbali na jua na unyevu, kisha pelekeni picha Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kunakohifadhiwa majalada ya utawala wa Kijerumani. Mnunuzi akitaka kuivusha mpaka, ulizeni kwanza Idara ya Mambo ya Kale.