Mwanamme na Machozi Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa liko neno tumelirithi, tukalifanya kama kwamba ni aya: mwanamme halii. Mtoto akianguka akaumia huambiwa neno hilo, na akifiwa na babake huambiwa lilo hilo, na kaburi bado bichi. Wakubwa barazani humsifu wakasema, "Mtazameni kijana yule, hakutoa hata chozi!" Nami nimekuwa mmoja wao.

Miaka mingi iliyopita alinijia chuoni kijana wa miaka tisa, siku ya nne baada ya kuzikwa babake. Alipofika katika sura aliyokuwa akisomeshwa na babake usiku, sauti ilimkatika, akalia. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Futa machozi, wewe si mwanamke." Akafuta. Toka siku ile sikumwona akilia, wala akicheka. Akawa mkali, akapiga wadogo, na kabla ya mwaka kwisha akaacha chuo. Sisemi kuwa neno langu peke yake ndilo lililomharibu, kwani ya moyoni ayajua Mola. Lakini nilipofungua vitabu kutafuta hoja ya neno lile, sikuipata.

Nilichokipata ni hiki. Amepokea Imam Bukhari kwa Anas bin Malik (R.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwa Abu Saif mhunzi, alikokuwa akilelewa Ibrahim mwanawe, akamkuta mtoto yu katika kukata roho, macho ya Mtume yakabubujika machozi. Abdulrahman bin Auf akastaajabu kumwona hata yeye analia. Mtume akamjulisha kuwa yale ni rehema, na ya kuwa kilichofungwa ni ulimi, usitamke lisilomridhi Mola. Hayo yalikuwa mwaka wa 10 wa Hijra. Tazameni aliyestaajabu: sahaba mkubwa, si mjinga. Basi mshangao huu wetu ni wa zamani, na jawabu lake ni la zamani vile vile.

Na mwaka wa 8, walipouawa Zaid na Jaafar na Ibn Rawaha katika vita vya Muuta, Mtume aliwapa watu khabari ile na macho yake yakitoka machozi. Na imepokewa kuwa alikwenda nyumbani kwa Jaafar, akataka aletewe watoto, akawanusa, akalia. Mbele ya mayatima wenyewe, ndugu zangu! Hakujificha nyuma ya mlango.

Ama katika madhehebu yetu, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa kumlilia maiti kwajuzu, kabla ya kufa kwake na baada yake, ingawa wapo waliosema kuwa baada ya kufa kuacha ni bora. Kilichoharamishwa ni mayowe, na kuhesabu sifa za maiti kwa kuomboleza, na kujipiga kifua, na mfano wa hayo. Hukumu hii haikuwatenga wanaume.

Huenda mtu akasema kuwa machozi huvunja ushujaa. Basi atwambie nini juu ya Abu Bakr (R.A.)? Bibi Aisha, binti yake, alimweleza kuwa ni mtu laini, asiyeweza kuyazuia macho yake asomapo Qur'ani. Siku aliyofariki Mtume, mwaka wa 11, Umar (R.A.), ambaye hapana asiyeujua ushujaa wake, alikataa kusadiki. Abu Bakr akaingia, akamfunua Mtume uso, akambusu, akalia. Kisha akatoka kwa watu, akawasomea aya ya 144 ya Al Imran, wakatulia. Umar mwenyewe alieleza kuwa alipoisikia, miguu yake haikuweza kumchukua. Mwenye machozi ndiye aliyesimama.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Nilimngoja siku moja nje ya msikiti baada ya laasiri, nikamwomba radhi. Akasema, "Yamepita, maalim," akatazama upande wa bahari, akaenda zake. Siku hizi mtoto aliyefiwa akirudi chuoni namketisha ubavuni mwangu, na akilia, naushika msahafu wake mpaka amalize.