SOMO LA ROBO HII: KORONA NA DAWA ZA ANTIBIOTIKI
Somo la Biblia: 1 Wakorintho 4:1-2 (uwakili mwaminifu)



UVIKO-19 huletwa na virusi. Antibiotiki huua bakteria, haziui virusi. Hata hivyo, takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2024, kutoka nchi 65, zinaonyesha kuwa kati ya Januari 2020 na Machi 2023 wagonjwa watatu kati ya wanne waliolazwa kwa UVIKO-19 walipewa antibiotiki. Waliokuwa na maambukizi ya bakteria pia ni asilimia 8 tu.

Kwa nini? Homa, kikohozi na kubanwa pumzi hufanana na nimonia ya bakteria, majibu ya maabara huchelewa, na mganga huogopa kumpoteza mgonjwa. Nje ya hospitali, Uingereza na Marekani dawa hizi ziliandikwa kwa uchache mwaka 2020, kwani watu walibaki nyumbani na mafua yalipungua.

Matumizi yasiyo ya lazima huzaa bakteria sugu. Mwaka 2019, kabla ya korona, usugu huo uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na mtoto mchanga hutegemea dawa hizo hizo.

Maswali ya kujadili:
1. Mtaani kwetu, ni nani hununua antibiotiki bila cheti?
2. Zahanati yetu inaweza kupima kabla ya kutibu?
3. Msaada ujao uelekezwe kwenye makopo ya dawa, au kwenye maabara?

Andikeni azimio moja katika muhtasari wa kikao.