Anko, huko kwenye tela sipandi!

Leo tuzungumzie kitu ambacho pengine hukukitegemea kwenye ukurasa wa afya: tela linalovutwa na gari dogo. Usicheke! Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Yaani ni wewe, mimi na wadogo zetu.

Vuta picha. Ni Jumamosi, kuna harusi mtaani. Anko amefunga tela nyuma ya gari lake, limepakiwa viti vya kukodi, kreti za soda, spika na jenereta. Ndani ya gari kumejaa. Anakwambia, "Panda huko nyuma, ushikilie viti visidondoke." Washikaji wameshapanda, wanaimba. Utafanyaje? Kabla hujajibu, tujifunze kwanza.

MZIGO MZITO UKAE WAPI?

Tela la magurudumu mawili ni kama ubao wa bembea, watoto wawili wakikaa huku na huku. Ekseli ndiyo katikati. Jenereta ikiwekwa nyuma kabisa, pua ya tela inanyanyuka na kulivuta gari juu kwa nyuma. Matairi ya nyuma ya gari hayashiki tena barabara vizuri. Mwendo ukizidi, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na linaweza kulipindua gari lenyewe.

Kwa hiyo vitu vizito viwekwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vyepesi ndivyo vikae nyuma. Madereva wengi hukadiria kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake ilalie gari. Piga hesabu: tela la kilo 500 lilalie kilo 50, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Ikizidi sana nayo ni kasheshe: gari linachuchumaa nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na taa zinawapiga machoni wanaokuja mbele. Kikomo chenyewe kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisizidishwe.

UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Huna leseni? Macho unayo! Zunguka tela uangalie:

1. Je, kiungio kimefungwa sawasawa, na pini yake ipo?
2. Je, kuna minyororo ya usalama iliyopishana chini ya kiungio? Kiungio kikiachia, pua ya tela itadakwa na minyororo badala ya kuchimba lami.
3. Je, matairi ya tela yana upepo wa kutosha?
4. Je, taa za breki na indiketa za tela zinawaka? Dereva akanyage breki, wewe uangalie nyuma.
5. Je, mzigo umefungwa kwa kamba imara?

Tela likirudi nyuma, usisimame kati yake na ukuta.

BARABARANI

Matela mengi madogo hayana breki zake. Gari linajisimamisha lenyewe na tela pia, huku mzigo ukilisukuma kwa nyuma. Ndiyo maana dereva aache nafasi ya sekunde 4 nyuma ya gari la mbele badala ya 2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata karibu mita 22 kila sekunde. Sekunde 4 ni karibu urefu wa uwanja wa mpira!

Tela likianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na kushika usukani ubaki umenyooka. Asikanyage breki ghafla, wala asiongeze mwendo eti alinyooshe. Likitulia, asimame pembeni mzigo upangwe upya.

SASA UTAMJIBU NINI ANKO?

Aliyekaa juu ya mzigo hana kiti wala mkanda. Tela likiyumba, yeye ndiye wa kwanza kurushwa, na kreti zinaweza kumfuata. Mkono wako hauwezi kufanya kazi ya kamba.

Sema kwa heshima: "Anko, samahani. Hebu tuvifunge viti kamba, na jenereta tuisogeze mbele. Mimi nitakuja na daladala." Anaweza kukucheka, "Mbona mwoga hivyo?" Mwache acheke. Kukataa kwa adabu si kumvunjia heshima mkubwa. Tena ukishuka wewe, pengine na mshikaji aliyekuwa anaogopa kuitwa mwoga atashuka.

JADILINI KLABUNI

1. Kwa nini ni vigumu kumkatalia mtu mzima aliyekupa lifti?
2. Mngepangaje jenereta, spika, kreti na viti kwenye tela la Anko? Chora.
3. Igizeni mazungumzo kati ya Anko, dereva na vijana watatu. Nani atashuka kwanza?