Chembe Ngeni na Wajibu wa Kutazama Tena

Mara nyingi mtu anayechunguza dini huuliza: Yawezekanaje mwenye akili kusadiki kisichoonekana kwa macho? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Leo twalijibu kwa habari itokayo katika maabara.

Mwaka 2013 makundi mawili ya wataalamu, BESIII la Beijing, China, na Belle la Tsukuba, Japani, yalitangaza kwamba yamegundua chembe iliyopewa jina Zc(3900). Wao hugonganisha elektroni na positroni, yaani chembe iliyo sawa na elektroni kwa uzito lakini yenye chaji chanya. Zikikutana huangamizana, na nishati yake hugeuka kuwa chembe nyingine. Zc(3900) ina uzito upatao mara nne ya protoni, nayo hutoweka upesi mno hata hakuna chombo kiwezacho kuinasa. Huvunjika ikawa pioni yenye chaji, pamoja na chembe iitwayo J/psi, iliyojulikana tangu mwaka 1974. Kilichopimwa ni alama za mavunjiko hayo tu.

Sasa fikiri. Mwaka 1964 Gell-Mann na Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba protoni na jamaa zake zimejengwa kwa vipande vidogo zaidi, ambavyo Gell-Mann aliviita kwaki. Kwa miaka mingi zilijulikana chembe za namna mbili: zenye kwaki tatu, na zenye kwaki moja pamoja na kinyume chake. J/psi ni ya namna hii ya pili. Chaji za kwaki yake na kinyume chake hufutana, hubaki sifuri. Lakini Zc(3900), ambayo dalili zaonyesha kuwa imebeba jozi iyo hiyo, ina chaji. Chaji hiyo imetoka wapi? Hapana budi ziwemo kwaki mbili zaidi kwa uchache, jumla nne. Hakuna aliyeziona, na bado wataalamu wamezikubali kwa sababu ya athari zake.

Wala hawakubali upesi. Mwaka 2007 Belle walitangaza chembe nyingine ya jinsi hiyo, Z(4430). Kundi la BaBar, huko California, lilipopekua matokeo yake lenyewe halikupata uthibitisho wa kutosha. Jambo likakaa hivyo hadi mwaka 2014, LHCb, karibu na Geneva, walipoithibitisha kwa mtambo mwingine kabisa unaogonganisha protoni. Katika sura Al-Mulk (67:4-5) mwanadamu ameamrishwa kurudisha macho katika uumbaji, kisha kuyarudisha tena. Ndizo aya alizozisoma Mwahmadiyya mwenzetu, marehemu Profesa Abdus Salam, katika karamu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Hapa nawaonya ndugu zetu wapya. Msikimbilie kusema kwamba Zc(3900) imetajwa katika Kurani Tukufu. Wataalamu wangali wanabishana kama kwaki hizo nne zimefungamana kuwa donge moja, au ni chembe mbili zilizokumbatiana; wako hata wanaoyaeleza matokeo hayo kwa njia nyingine. Ukiitundika imani yako juu ya maelezo ya leo, kesho yakibadilika utaitundika wapi?

Lakini liko jambo jingine ndani ya habari hii. Uwezekano wa kwaki nne ulikwisha tajwa na Gell-Mann mwaka ule ule wa 1964. Hesabu ilisema: yaweza kuwako. Haikuweza kusema: iko. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alifundisha kwamba akili ikitazama mbingu na ardhi humfikisha mtu mahali pa kusema kuwa yapasa awepo Muumba. Kusema kuwa Yupo kwahitaji Mwenyewe ajidhihirishe, kwa ufunuo, kwa ishara na kwa kujibu maombi.

Basi wewe unayechunguza, usituulize tu kama Mungu aonekana. Tuulize athari Zake ni zipi, nani amezishuhudia, na wewe mwenyewe utazipimaje. Maswali hayo tunayapokea, na huku ukiyauliza, sali istikhara.