Mistari Igusane Kweli: Somo la Uchoraji kwa Kompyuta

Wanachama wenzangu wameleta mashairi na hadithi. Mimi nimeona nilete somo la uchoraji, maana Kiswahili si cha ngonjera peke yake.

Wengi wetu tunaijua Thimlich Ohinga, hapa hapa kwetu Migori, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, nazo ni mawe matupu bila saruji. Zimesimama karne nyingi kwa sababu kila jiwe limekalia jingine. Jiwe linaloonekana tu kwa mbali kana kwamba limegusa, halibebi kitu. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Wakati wa likizo nilichora nyumba ya nyanya kwa programu ya AutoCAD. Upana milimita 4000, urefu 6000, kuta 2400 kwenda juu, na kilele cha paa 1500 juu ya kuta. Nilichora makombamoyo, yale mafundi huita rafta, huku nikiitazama nyumba kutoka juu. Mistari ikakutana vizuri ajabu! Nikampelekea mjomba, ambaye ni fundi wa mbao, orodha ya vipimo akanunue mbao. Akacheka.

"Mpwa wangu, nyumba ya mita nne ina rafta ya mita nne na zaidi? Hili ni paa la nyanya ama la kanisa?"

Jamani, niliona aibu! Lakini pesa za nyanya zilipona.

Kosa lilikuwa wapi? Mchoro wa pande tatu una X, Y na Z, na Z ndiyo kimo. Ukitazama kutoka juu, pembe ya ukuta iliyo sakafuni na ile iliyo juu ya ukuta huonekana nukta moja. Mimi nilinasa ile ya sakafuni. Rafta yangu ikatoka sakafuni hadi kileleni, milimita 4383. Kioo hakikuonyesha tofauti yoyote.

Programu ina kifaa kiitwacho osinapu. Ni kama ndoana ya mvuvi: hunasa nukta halisi ya mchoro, usikisie kwa macho. Ukiandika END inanasa ncha ya mstari. MID, katikati yake. CEN, kitovu cha duara. PER, mahali pa kufikia mstari kwa pembe mraba. INT, makutano ya kweli. Jihadhari na APP. Hiyo hunasa mistari inayoonekana tu kukatana, kama waya wa stima upitao juu ya barabara. Ukiwa angani utasema vimekutana, kumbe waya uko juu na barabara iko chini.

Basi, fuata hatua hizi:

1. Usichore paa ukiwa juu. Andika 3DORBIT, ugeuze nyumba mpaka pembe ya juu na ya chini zitengane.

2. Washa ndoana kwa kitufe cha F3. Acha mbili au tatu tu unazozihitaji. Zikiwa nyingi, utanasa usichokitaka.

3. Andika OSNAPZ uhakikishe ni 0. Ikiwa 1, kimo cha nukta uliyonasa hutupwa, na mahali pake huwekwa kimo cha ubao unaochorea.

4. Chora rafta kutoka END ya juu ya ukuta hadi END ya kilele.

5. Usiamini bado! Andika ID, ugonge ncha, usome X, Y na Z zake. Kisha pima mstari wote kwa DIST. Itakuonyesha pia Z imebadilika kiasi gani. Kwa nyumba ya nyanya ni 1500.

6. Hakikisha kwa Pythagoras. Nusu ya upana ni 2000 na kupanda ni 1500, kwa hivyo rafta ni 2500, bila kuhesabu upenu. Hesabu na kompyuta zikikataana, rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya tano na ya sita huchukua dakika moja. Wengi huziruka wakisema eti mchoro unapendeza. Wangu pia ulipendeza!

ZOEZI: Nyumba ina upana wa 4800, kuta 2400, na kilele 1800 juu ya kuta. (a) Rafta ni ndefu kiasi gani bila upenu? (b) Mwenzako amepata 4837. Amenasa wapi?

MAJIBU: (a) 3000. (b) Sakafuni, kama mimi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwenye kioo huzibwa kwa kitufe kimoja. Ule wa paa huzibwa kwa pesa za nyanya. Kwaherini.